Pombe ya saa saba haiishi saa nane

"Dokta, nilikunywa kidogo tu wakati wa mapumziko, tena nilikula nikashiba." Nimeisikia tena wiki hii, kwa fundi wa presi ya kukatia bati aliyeletwa kwenye zahanati yetu huku mkono wa kushoto umefungwa fulana. Wakati namsafisha kidonda alikuwa bado anatafuna karafuu. Wagonjwa wangu wengi ni wafanyakazi wa viwanda vya kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, na kauli hiyo inanichosha kuliko zote, kwa sababu anayeitoa huwa anaiamini kwa moyo mweupe.

Dhana: Ukila ukashiba, pombe haikufanyi kitu

Ugali hauinyonyi pombe wala hauifuti. Unaichelewesha tu. Pombe huingia kwenye damu kwa kasi ikifika utumbo mwembamba, na tumbo lililojaa huchukua muda kabla ya kuiachia ifike huko. Ukinywa na njaa, kilele cha pombe kwenye damu huja mapema, pengine ungali umekaa kwenye benchi chini ya mwarobaini. Ukinywa umeshiba, kilele hupungua kiasi, hilo ni kweli, lakini kinasogea mbele. Kinakukuta umesharudi kwenye mashine.

Tupige hesabu. Vijana wawili wanagawana chupa ndogo ya mililita 200 yenye kilevi asilimia 35. Humo mna takriban gramu 55 za kilevi chenyewe, kwa hiyo kila mmoja kapata gramu 27 hivi. Kwa mwanamume wa kilo 65, kiasi hicho kinaweza kukaribia miligramu 60 katika kila mililita 100 za damu. Ini huondoa kama miligramu 15 kwa saa, na halikimbizwi na kahawa, maziwa, supu ya pweza wala maji ya baridi kichwani. Gawanya mwenyewe: saa nne. Aliyekunywa saa saba na robo akarudi kazini saa nane, kengele ya kutoka inalia saa kumi na moja bado hajaimaliza. Mchana wote amefanya kazi na pombe.

Hapo wagonjwa hunijibu kwamba 60 ni chini ya 80, kiwango cha dereva barabarani. Sawa. Lakini uwezo wa kufuatilia mambo mawili kwa wakati mmoja huanza kupungua kwenye miligramu 20 hivi, na presi ni kazi ya mambo mawili: mkono unasukuma bati, mguu unakanyaga pedeli. Mguu ukitangulia mkono kidogo tu, basi. Yule fundi hakuwa anayumba. Alinitajia tarehe, zamu na jina la msimamizi wake bila kukosea. Kidole cha shahada kimebaki nusu.

Na hili la "mapumziko ni muda wangu" silipingi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa angalau dakika 60 ukifanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano, na mwajiri asikunyang'anye. Ila ukisharudi kwenye mashine, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inakutaka uangalie usalama wako na wa mwenzako aliye upande wa pili wa bati.

Dhana: Mimi nimezoea, silewi

Mazoea yanaficha dalili, hayapunguzi kilichomo kwenye damu. Anayesema hivi ndiye huwa namwogopa zaidi, kwani kiasi anachokunywa kimeshapanda bila yeye kujua.

Dhana: Karafuu na bigijii zinamaliza kesi

Harufu inatoka mapafuni, inakoletwa na damu. Kutafuna kunanukisha mdomo tu.

Dhana: Bia baridi inapoza joto la tanuru

Pombe inakukojoza maji ambayo jasho limeshaanza kuyamaliza. Kunywa maji.

Dhana: Mirungi inaongeza nguvu, bangi inatuliza mawazo

Mirungi inaficha uchovu, haiuondoi. Moyo unakwenda mbio, presha inapanda, na stimu zikikatika usingizi unakuja kwa mkupuo, mara nyingi katikati ya zamu ya usiku. Bangi inachelewesha mikono na kuvuruga makadirio ya muda kwa saa kadhaa. Aliyevuta nyuma ya choo saa saba anarudi kwenye mashine akiwa amekolea.

Dhana: Tramadol ni dawa ya maumivu tu

Wapakiaji wengi wananiambia hivi. Ni dawa ya jamii moja na mofini: inasinziza, inazoeleka, na ikichanganywa na pombe inaweza kupunguza pumzi hadi mtu asiamke. Mgongo ukiuma njoo tuutazame mgongo.

Dhana: Viroba vilipigwa marufuku, tatizo limekwisha

Marufuku ya Machi 2017 iliondoa vifuko vya plastiki vilivyofungia pombe kali. Pombe kali yenyewe bado inauzwa. Nenda getini pa kiwanda chochote saa saba mchana utazame kipi kiko karibu, mama ntilie au grosari. Ndiyo maana kila meneja namwambia jambo lilelile hadi ananikwepa: weka kantini ndani, weka kivuli na benchi, weka maji ya kunywa karibu na mashine. Mtu akipata chakula cha moto ndani ya geti, hana haja ya kutoka.

Dhana: Anayekunywa kila siku aambiwe aache leo leo au afukuzwe

Hii ni ya mameneja, na inaweza kuua. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku ukikatiziwa ghafla, mikono hutetemeka, jasho humtoka, na ndani ya siku mbili za mwanzo anaweza kupata degedege. Siku ya pili au ya tatu wengine huanza kuona vitu visivyokuwepo na kuchanganyikiwa, na hiyo ni dharura ya hospitali. Mtoe kwenye mashine siku hiyohiyo, mpe kazi ya mezani au mapumziko, usimwache aondoke peke yake kwa bodaboda, kisha mlete aachishwe chini ya uangalizi. Mkimficha kwa kuona aibu, anakuja kwangu kwa machela.