Je, Wajua Mshahara wa Mfanyakazi Huingiaje Katika Ubora wa Bidhaa?

Wengi huamini kwamba penye ujira mdogo hapatoki kitu cha kudumu, na kwamba kulipa zaidi ni njia ya moja kwa moja ya kupata bidhaa bora. Imani hiyo inaruka hatua kadhaa. Ubora wa bidhaa ya kiwandani huanza kuamuliwa kabla fundi hajashika bisibisi, kwa kuwa anayeagiza ndiye anayetaja aina ya chuma, unene wa plastiki, kiasi cha kasoro atakachovumilia na bei atakayolipa. Kiwanda kimoja, chenye wafanyakazi wale wale na mshahara ule ule, kinaweza kutoa kifaa cha kudumu miaka kumi na kingine cha kuharibika ndani ya miezi, kwa sababu tu maagizo yalitofautiana.

Ushahidi mzuri zaidi uko Fremont, California. Kampuni ya magari ya General Motors ilifunga kiwanda chake cha huko mwaka 1982, kikiwa na sifa mbaya ya utoro na magari yenye kasoro, kisha mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia na Toyota kwa jina la NUMMI. Wafanyakazi wengi walikuwa wale wale wa zamani, chama chao cha wafanyakazi, UAW, kilibaki, na ujira wao haukupaa kuliko wa viwanda vingine vya kampuni hiyo. Hata hivyo, magari yao yaliingia upesi miongoni mwa yale yenye kasoro chache zaidi katika General Motors. Kilichobadilika ni namna ya kupanga kazi: mfanyakazi aliyeona kasoro aliruhusiwa kuvuta kamba na kusimamisha mstari mzima wa uundaji, jambo ambalo zamani lingemponza.

Je, basi mshahara hauna kazi yoyote? Unayo, ila hupitia mlango wa pembeni, na mlango huo ni hesabu ya kuzidisha. Chukua ndoo ya maji inayopitishwa mikononi mwa watu 100. Kila mmoja akimwaga asilimia 1 tu ya maji aliyopokea, mtu wa mwisho atapata kama asilimia 37 ya maji ya mwanzo. Kila mmoja akimwaga asilimia 0.1, atapata kama asilimia 90. Ndivyo ilivyo kwa bidhaa yenye hatua 100, ambapo kosa la hatua moja linatosha kuiharibu yote. Tofauti ya uangalifu ambayo msimamizi hawezi hata kuiona kwa macho huamua kama bidhaa nyingi zitakuwa nzima au mbovu. Mchumi Michael Kremer aliijenga nadharia yake ya mwaka 1993 juu ya wazo hilo, akitumia mfano wa pete ya mpira iliyoangamiza chombo cha anga za juu cha Challenger mwaka 1986.

Uangalifu huo hutokana na mazoea, na mazoea hayapatikani kwa watu wanaokuja na kuondoka. Mwaka 1913 viwanda vya Ford vilishuhudia mzunguko wa wafanyakazi wa takriban asilimia 370 kwa mwaka, yaani kila nafasi ya kazi ilibadilisha mtu karibu mara nne kwa wastani. Ujira ulipopandishwa Januari 1914 hadi dola 5 kwa siku, zaidi ya maradufu, wimbi hilo lilishuka haraka. Tahadhari inahitajika hapa: saa za kazi nazo zilipunguzwa kutoka 9 hadi 8, na kilichopimwa vizuri ni utoro na tija kuliko ubora wenyewe.

Kisa cha kushangaza zaidi ni cha matairi ya Firestone yaliyotengenezwa Decatur, Illinois. Katika utafiti wao wa mwaka 2004, wachumi Alan Krueger na Alexandre Mas waliyahusisha matairi mabovu ya kiwanda hicho na mgogoro wa kazi wa miaka ya 1994 hadi 1996. Mtu angetarajia kasoro zitokane na vibarua wageni walioletwa wakati wa mgomo. Lakini malalamiko ya wateja yalikuwa mengi kwa matairi ya nusu ya kwanza ya 1994, kabla ya mgomo kuanza, wakati wazoefu walikuwa bado kwenye mashine zao na mpango wa kampuni wa kupunguza ujira wa waajiriwa wapya na kurefusha zamu hadi saa 12 ulikuwa ungali dai mezani.