Kupenda kuendesha gari sio sababu ya kuwa dereva wa lori

Nafundisha madereva wa malori, na kila kundi jipya nikiwauliza kwa nini wanataka hii kazi jibu ni lile lile: napenda sana kuendesha. Nimechoka kulisikia, nasema kweli, kwa sababu wengi wanaoacha kazi mapema ndio hao hao waliokuja na hilo jibu. Usukani waliuweza vizuri tu. Kilichowashinda ni yale mengine, na hayo mengine ndio kazi yenyewe.

Chukua siku ya kawaida. Kabla hujawasha unalizunguka gari, unaangalia matairi, nati, taa, mipira ya upepo wa breki, pale kichwa kinaposhikana na tela, unasikiliza kama kuna upepo unavuja. Unaenda kupakia, unakuta foleni. Hakuna anayekwambia zamu yako ni saa ngapi, kulala vizuri huwezi maana ukiitwa hupo wanakuruka, kuondoka pia huwezi. Ukishapakiwa ufunge mzigo, na hapa watu wanadhani ni kurusha kamba na turubai basi. Kanuni za Marekani na kiwango kinachotumika Ulaya zinataka ufungaji uhimili nguvu ya kwenda mbele sawa na asilimia 80 ya uzito wa mzigo, na asilimia 50 kwa pembeni na nyuma, yaani vyuma vya tani 10 ukikanyaga breki ya ghafla vinaweza kusukuma kama tani 8 kuja kwenye kebini ulipokaa wewe. Marekani wanakutaka usimame uukague tena ndani ya maili 50 za mwanzo, kama kilomita 80 hivi, maana mzigo ukishatikisika unajipanga upya na mikanda inalegea. Bado hati, bado mizani, bado kushusha, na mtu wa ghala anakwambia maboksi yamepungua na sahihi ni yako. Sasa niambie hapo kupenda kuendesha kunakusaidia nini.

Halafu pesa. Mtu anachukua malipo ya kilomita moja anazidisha na kilomita za siku nzima, anapata namba nzuri, anaenda kuacha kazi aliyonayo. Jamani, lori lililosimama halina kilomita! Na hata saa za kuendesha zina kikomo. Marekani dereva wa mizigo anaruhusiwa saa 11 za usukani ndani ya saa 14 tangu aanze kazi, na hizo 14 kwa kawaida zinaendelea kuhesabika ukiwa foleni, kwa hiyo ukisubiri saa 5 kupakia zimebaki 9 na za usukani umeshazipoteza mbili bila kufanya kosa lolote. Makampuni mengi huko saa 2 za kwanza za kusubiri hawazihesabii malipo, na sheria yao ya kazi ya 1938 haiwalazimishi waajiri kuwalipa ovataimu madereva wengi wa safari za jimbo hadi jimbo. Umoja wa Ulaya ni saa 9 kwa siku, unaruhusiwa 10 mara mbili kwa wiki, na kila ukifikisha saa 4 na nusu unapumzika dakika 45. Kanuni yao namba 561 ya 2006 inakataza hata kumlipa dereva kwa umbali au kwa kiasi cha mzigo kama malipo ya aina hiyo yanahatarisha usalama. Waliona watu wanavyokimbizana na kilomita mpaka wanaua na kuuawa.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwajiri ni hili: nikisimama nalipwaje? Akianza kuzunguka, mshukuru uondoke. Na kabla hujalipa ada ya chuo, chuo chochote hata ninapofundisha mimi, tafuta dereva mzoefu, mwajiri wake aruhusu, ukae kiti cha pembeni safari nzima kwenda na kurudi, na nikisema nzima namaanisha na kupakia na kushusha, usije ukashukia getini. Ukiona ile foleni inakupandisha hasira, hii kazi itakutesa. Wanaodumu ninaowajua ni watu watulivu, hawana haraka, wanapenda kitu kikae mahali pake, na wengine wala hawana mapenzi makubwa na kuendesha.

Mengine ni maneno ya watu yasiyo kweli, nayataja moja moja na kuyagusa tu.

Usingizi ni suala la kuzoea: hapana kabisa. Mtu aliyekaa macho saa 17 anakuwa mzito kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi wanakunyang'anya usukani. Kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi mwili unadai kulala hata kama una miaka mingi barabarani, na kahawa inahitaji kama nusu saa ianze kufanya kazi, tena haifuti deni la usingizi. Unakoroma sana usiku na mchana unasinzia? Nenda hospitali kwanza kabla ya chuo, inawezekana pumzi inakatika usingizini na hilo linatibika.

Upepo ukiisha lori halina breki. Wanafunzi wanaliogopa hili kuliko yote. Breki za springi zinazuiliwa zisifunge na upepo, upepo ukishuka sana springi zinafunga zenyewe. Kinachomaliza malori kwenye mteremko ni joto: mtu anashuka na gia kubwa huku kakanyagia breki njia nzima, ngoma zinapata moto zinatanuka, breki haishiki tena. Shuka na gia ndogo, tumia breki ya injini, mapema kabla mteremko haujaanza.

Gari dogo naliweza, lori ni lile lile kubwa kidogo. Kwa kama kilomita 105 kwa saa gari dogo linahitaji karibu mita 96 kusimama, lori lenye mzigo karibu 160, na hapo breki ni nzima na barabara kavu.

Sio kazi ya wanawake. Lillie Drennan, mwanamke wa Marekani, alipata leseni ya malori jimbo la Texas mwaka 1929 na akawa na kampuni yake ya malori, enzi ambazo usukani ulitaka nguvu za mikono kweli. Leo kuna pawa stelingi na gia zinazojibadilisha, tuliachie hapo.

Malori yatajiendesha, kazi inakufa. Mwaka 2025 malori yasiyo na mtu kwenye usukani yalianza kubeba mizigo kati ya Dallas na Houston huko huko Texas, ni kweli. Lakini ile ni barabara kuu iliyochaguliwa, na hayo yote niliyoeleza juu ya kupakia, kufunga na kusaini bado yanataka mtu.

La mwisho, wale wanaosema nikipata tu leseni nakopa nanunua langu. Mkopo na bima haviulizi kama lori lilikuwa foleni wiki nzima. Endesha la mtu kwanza, umuombe mwenye gari akuonyeshe gharama zake za mwaka, matairi, sevisi, spea, na siku ambazo halikutembea, wapo wanaokubali kuonyesha, ndio ukae chini upige hesabu yako.