Ramani ya Lislet Geoffroy na Kanuni Mpya ya Forodha ya Ulaya: Ufafanuzi kwa Wenye Ramani za Kale

Tangu tarehe 28 Juni 2025, anayeingiza mali ya kitamaduni, zikiwemo ramani za kale, katika Umoja wa Ulaya anafuata utaratibu mpya wa forodha, na maswali kwenye kitengo chetu cha ramani yameongezeka. Mengi yanakuja na picha ya simu na neno moja: "Bei?" Ieleweke kwamba taasisi ya nyaraka haipangi bei, wala haiandiki barua ya kupeleka mnadani. Tunaloweza kueleza ni waraka wenyewe.

Nitatumia mfano wa ramani ya visiwa vya Isle de France (Mauritius ya leo) na Réunion, iliyotolewa mwaka 1797 kwa amri ya Waziri wa Majeshi ya Majini wa Ufaransa. Aliyeichora, Jean-Baptiste Lislet Geoffroy, huelezwa na baadhi ya wauzaji kuwa "Mfaransa aliyekuja kwa meli". Hakuja kwa meli yoyote. Alizaliwa mwaka 1755 Saint-Pierre, Réunion, wakati huo ikiitwa Bourbon. Mama yake, Niama, alikuwa Mwafrika aliyepelekwa kisiwani utumwani; baba yake alikuwa mhandisi Mfaransa. Mwaka 1771 kijana huyo alipanda volkano ya Piton de la Fournaise pamoja na mtaalamu wa mimea Commerson, na mwaka 1786 Chuo cha Sayansi cha Paris kilimpokea kuwa mwanachama-mwandishi wake, yaani anayekiandikia kutoka mbali. Ramani yake ilitegemea vipimo vya mwanafalaki La Caille pamoja na michoro ya upimaji wa maeneo madogo madogo. Toleo lililosahihishwa lilitoka mwaka 1802. Wasomaji wa Pwani wakumbuke pia kwamba jasho lililolima visiwa hivyo lilitoka kwetu vilevile: mkataba wa mwaka 1776 kati ya Morice, Mfaransa mfanyabiashara wa watumwa, na Sultani wa Kilwa ulihusu watumwa 1,000 kwa mwaka.

Majina husaidia kukadiria umri. Bourbon iliitwa Réunion mwaka 1793, ikabadilishwa kuwa Bonaparte mwaka 1806; Isle de France nayo ilitekwa na Waingereza mwaka 1810. Karatasi yenye "Isle de France" na "Réunion" pamoja ina maandishi ya kati ya 1793 na 1806. Nasema maandishi, maana bamba la shaba lililochongwa mchoro wa kuchapia, likitunzwa, huweza kuchapa tena miaka mingi baadaye. Pitisha kidole pembezoni mwa mchoro: uchapaji wa bamba huacha bonde jembamba lililobonyea kuuzunguka. Kisha tazama kwa kioo cha kukuzia. Ukiona nukta ndogo ndogo zilizopangwa sawasawa, hiyo ni nakala ya mashine ya kisasa. Rangi ya kahawia si ushahidi wa kitu. Hata chai inaitoa.

Sasa kanuni. Kwa nyaraka na machapisho ya kale, anayeingiza hutoa tamko iwapo kitu kimezidi miaka 200 na thamani yake ni yuro 18,000 au zaidi. Tamko hujazwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Umoja huo, pamoja na maelezo ya kitu ya kutosha kukitambua. Mtiaji saini anathibitisha kwamba kitu kilitoka kihalali katika nchi kilikotengenezwa. Nchi hiyo isipojulikana kwa uhakika, au kama kitu kiliondoka huko kabla ya tarehe 24 Aprili 1972, ushahidi unaweza kuwa wa nchi ya mwisho kilikokaa zaidi ya miaka mitano. Ushahidi huo mtu abaki nao, kwani forodha wanaweza kuudai. Adhabu, ikiwemo ya tamko la uongo, hupangwa na kila nchi mwanachama. Walio chini ya yuro 18,000 wasishangilie mapema: marufuku ya kuingiza kitu kilichotoroshwa kutoka nchi kilikotengenezwa haitazami bei.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, hata baada ya kuelezwa. Kinachoulizwa ni mahali karatasi ilipotengenezwa. Kisiwa kilichochorwa juu yake hakihusiki. Ramani ya 1797 ilichapwa Paris, na kanuni hii haigusi vitu vilivyotengenezwa ndani ya eneo la forodha la Umoja, ila ni juu yako kuonyesha hivyo. Chati (ramani ya baharini) ya Lislet Geoffroy ya Madagaska, iliyotolewa London mwaka 1819, inaangukia ndani ya kanuni ikifikia thamani hiyo, kwa sababu Uingereza haimo tena katika Umoja. Mchoro wa mkono uliofanyika Port Louis, mji mkuu wa Mauritius, vilevile. Uliofanyika Réunion haumo, kwa kuwa kisiwa hicho ni sehemu ya eneo la forodha la Umoja.

Anayepeleka kwa muda kwa maonyesho, ukarabati au kunakilishwa kidijitali ana msamaha wa tamko, lakini aulize forodha ya nchi husika kabla ya kusafirisha. Wanaotaka tuikague karatasi wailete ikiwa imelazwa bapa, bila gundi ya utepe. Ile iliyokwisha kupigwa plastiki steshenari hatuwezi kuipima.