Kabla Hujapanda Kitanda cha Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Wengi wanaokuja kliniki yetu kuulizia upasuaji wa kupunguza uzito hufunga mlango kwanza ndipo waseme. Mmoja hajamwambia hata dada yake. Mwingine ameaga nyumbani kuwa anakwenda arusini Malindi, kumbe ana miadi ya vipimo. Kuna aliyeniuliza kama kovu litaonekana, mavyaa wake akimkuta anajifunga leso. Siwalaumu. Hapa Mombasa mwili wa mtu ni mazungumzo ya baraza: ukinenepa, ndoa imekukubali, ukikonda, una nini mbona umeisha hivyo?

Shida ni kwamba siri haiishii mlangoni pa nyumba. Mtu huzoea kuficha, akaja akamficha na daktari. Mimi ni mtaalamu wa lishe, na kazi yangu katika timu ya upasuaji ni kumwandaa mgonjwa kabla ya kisu. Kwa niliyoyaona, kisu chenyewe si sehemu ngumu. Vituo vikubwa duniani vinavyofanya upasuaji huu kila siku hupoteza takriban mgonjwa 1 kati ya 1,000. Kinachotutia wasiwasi zaidi ni lile ambalo mgonjwa hakulisema.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayotangulia. Gawa uzito wako wa kilo kwa urefu wako wa mita, kisha jibu uligawe tena kwa urefu huohuo. Mwenye kilo 100 na urefu wa mita 1.60 atapata 39. Hiki ndicho kipimo cha BMI. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 1991, ambao nchi nyingi ziliufuata kwa miaka 30, ulitaka mtu awe na 40, au 35 akiwa na maradhi yanayoletwa na unene. Mwaka 2022 chama cha Marekani na kile cha kimataifa cha madaktari wa fani hii viliteremsha kiwango: 35 hata kama huna maradhi mengine, na 30 kwa mwenye kisukari au maradhi ya aina hiyo. Kwa watu wenye asili ya Asia ni 27.5, kwa sababu kisukari huwapata wakiwa na uzito mdogo zaidi. Katika mji huu hilo linagusa familia nyingi.

Aina za upasuaji zinazofanywa sana ni mbili. Ya kwanza, tumbo la chakula hukatwa kwa urefu wake na kubakishwa robo hivi, likawa kama ndizi nyembamba. Sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, kwa hiyo hamu ya kula nayo hupungua. Likishakatwa halirudishwi. Ya pili, daktari hutenga kifuko kidogo mno juu ya tumbo, akakiunga moja kwa moja na utumbo mwembamba, chakula kikapita njia ya mkato. Ipi inakufaa ni mazungumzo yako na daktari wa upasuaji. Ila kama una kiungulia kinachokuamsha usiku, mwambie mapema, kwa kuwa ile ya kwanza huweza kukizidisha. Ndiyo maana utapitishwa kamera ya tumbo kuangalia vidonda na bakteria wa H. pylori, na akipatikana anatibiwa kwanza. Vipimo vya damu vitaangalia sukari, wekundu wa damu, madini ya chuma, vitamini B12 na vitamini D. Na ukikoroma hadi wa chumba cha pili akasikia, au ukikatika pumzi usingizini, utapimwa hilo pia. Wengine hupewa mashine ya kusaidia pumzi wakilala, waitumie wiki kadhaa kabla ya upasuaji, na siku ya kulazwa huja nayo.

Sasa yale yanayofichwa.

La kwanza ni sanamaki. Karibu kila anayekuja kwetu amekwisha kujaribu chai za kupunguza uzito, na nyingi zina sanamaki ndani hata kama pakiti imeandikwa maneno mengine. Sanamaki huharisha. Ukiinywa kwa wiki nyingi hutoa madini ya potasiamu mwilini, na potasiamu ikishuka mapigo ya moyo huenda kombo, jambo ambalo mtaalamu wa nusukaputi hataki kulikuta umeshalala. Habasoda, vidonge vya kitunguu saumu na mitishamba mingine, taja vyote. Vingine huchelewesha damu kuganda. Hatutakucheka, nusu yetu tumekulia kwa bibi wenye makabati kama hayo.

La pili ni muguka na miraa. Mwaka 2024 muguka ilikuwa habari ya kila baraza hapa, kaunti ikitaka kuipiga marufuku, na tangu hapo naona watu wanaona haya zaidi kuitaja. Ndani yake mna kichangamsho kinachopandisha presha na kuuendesha moyo mbio. Ukitafuna jioni na kulazwa asubuhi, daktari ataona presha isiyoeleweka na huenda akaahirisha kila kitu. Shisha nayo ilipigwa marufuku nchini mwisho wa 2017, kwa hiyo anayevuta husita kusema. Mimi si askari. Nikotini huibana mishipa ya damu, mshono ukachelewa kupona na vidonda vikatokea pale utumbo ulipoungwa. Acha angalau wiki 6 kabla, sigara na shisha zote mbili, na usirudi.

La tatu ni dawa za kawaida ambazo mtu hazihesabu kuwa dawa. Vidonge vya maumivu vya dukani kama diklofenaki na ibuprofeni huchubua tumbo. Baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Sindano za kupunguza uzito, ambazo siku hizi watu huletewa na jamaa kutoka ng'ambo, huchelewesha chakula kutoka tumboni, hata aliyekaa na njaa usiku kucha akalala kwenye nusukaputi tumbo likiwa na chakula. Usiache dawa yoyote kwa kukisia. Lete mfuko mzima, mimina mezani, tuvitazame pamoja.

Wiki mbili kabla ya upasuaji nitakupa chakula cha namna yake, na hapa ndipo ninapobishana na wagonjwa kuliko popote. Wengi hudhani tunawapima subira. Hapana, tunalishughulikia ini. Tumbo la chakula limejificha chini ya upande wa kushoto wa ini, na upasuaji hupitia matundu madogo. Ili daktari alione tumbo, ini hunyanyuliwa na kushikiliwa juu muda wote wa kazi. Anayenunua ini buchani anajua lilivyo zuri: jekundu la kuiva, limeshikana. Ini la mtu mwenye unene wa kupindukia mara nyingi limejaa mafuta. Limevimba, lina umanjano, na likiguswa vibaya huchanika na kuvuja damu. Likiwa kubwa mno daktari hulazimika kupasua tumbo kwa mkato mrefu, au kufunga matundu na kukurudisha nyumbani bila kufanya lolote.

Ini huweka akiba ya sukari, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia maji kama gramu 3. Ukikata vyakula vya wanga, ini hula akiba yake, maji hutoka, na mafuta nayo huanza kuyeyuka. Siku 14 hutosha kulipunguza hadi likanyanyulika. Kwa hiyo wali, ugali, chapati, mahamri, mkate wa mofa, muhogo, viazi na ndizi hupumzishwa, na tui la nazi pia kwa mafuta yake. Chai haitiwi sukari. Soda na juisi hazimo. Unabaki na kalori 800 hadi 1,200 kwa siku, na kwa mtu wa pwani si ukame: changu au kolekole wa kuchoma kwa ndimu na bizari, kuku asiye na ngozi, mayai, mtindi usiotiwa sukari, bamia, mchicha, biringani, tango. Mbaazi huulizwa kila wiki. Zina protini, kweli, lakini zina wanga, na zetu hupikwa kwa tui zito. Zingoje.

Mwenye kisukari asianze chakula hiki kabla hajaonana na daktari wake. Ukipunguza wanga huku unaendelea na insulini au vidonge vya kushusha sukari kwa kipimo kilekile, sukari itaanguka, na kuanguka kwake huua haraka kuliko kupanda. Vipo pia vidonge vinavyoitoa sukari kwa njia ya mkojo. Hivyo husimamishwa siku kadhaa kabla ya upasuaji.

Imezuka desturi, sijui nani aliianzisha, ya biriani ya kuaga. Usiku wa mwisho mtu huketi na sinia yake kana kwamba anakwenda jela. Sahani hiyo moja huanza kuijaza ile akiba uliyohangaika siku 14 kuitoa.

Na hapo ndipo siri inapodai malipo yake. Utaielezaje nyumba ya watu wanaokula sinia moja kwamba huli wali wiki mbili? Utasema tumbo lauma, watakuletea uji. Utasema umefunga, watakutengea futari. Huna haja ya kuuambia mtaa. Mwambie mmoja, na afadhali awe yule anayeshika mwiko.

Sinia yenyewe nina maneno nayo. Naipenda, nimelelewa nayo, lakini haina kipimo: huwezi kujua umekula kiasi gani, na mkono wa jirani ukienda mbio wako nao huufuata. Miezi miwili mitatu kabla ya upasuaji anza kupakua chako katika sahani ndogo, hata ukiketi mkekani na wenzio. Anza na kitoweo, kisha mboga, wali mwisho. Tafuna mpaka kiwe laini kabisa. Mlo uchukue dakika 20 au zaidi. Maji usinywe pamoja na chakula. Ngoja nusu saa. Baada ya upasuaji haya hayatakuwa hiari, na asiyeyazoea hutapika.

Tazama na kalenda. Wiki za mwanzo utakuwa ukinywa mafundo madogo siku nzima ili ufikishe lita 1.5 za maji au zaidi. Mwenye tumbo dogo hawezi kuzifidia baina ya futari na daku. Basi ukipangiwa upasuaji Rajabu au Shaabani, ujue Ramadhani hiyo huenda usiifunge. Zungumza na sheikh wako na daktari wako kabla ya kulipa chochote. Kwa kina mama, mimba iepukwe miezi 12 hadi 18, na hili si dogo, kwani uzito ukishuka hata mwanamke aliyekaa miaka bila kushika mimba huweza kushika ghafla. Vitamini nazo ni za maisha yote. Piga hesabu ya bei yake kwa mwezi uione mapema.

Wanaosafiri kufanyiwa Nairobi au India wasirudi mbio. Kukaa kwenye kiti saa nyingi ukiwa na mshono mbichi hugandisha damu miguuni, na donge likipanda mapafuni huua. Muulize daktari siku utakayoruhusiwa kusafiri, na njiani inuka utembee. Hospitalini pia utainuliwa kitandani siku ileile ya upasuaji, ukipenda usipende.

Ukisharudi nyumbani, moyo ukienda mbio kupita mapigo 120 kwa dakika, homa ikipanda, pumzi ikikubana, au maumivu yakishika bega la kushoto, usingoje asubuhi. Huenda mshono unavuja, na anayevuja mara nyingi hujiona ana uchovu tu. Namba ya wodi ibandikwe kwenye friji, na yule mmoja uliyemwambia aijue kwa moyo, maana wewe huenda usiweze kupiga.