Barua za kijamii za uhamishoni ni zipi? Mfano wa Germaine de Staël

Barua ya kijamii huandikwa ili watu wasipoteane: mwaliko wa chakula, shukrani, pole, utambulisho wa mgeni kwa mwenyeji asiyemjua, habari za nani yuko wapi. Ulaya ya miaka ya 1800 barua za namna hii aghalabu zilisomwa kwa sauti mbele ya wageni, na mwandishi alilijua hilo kabla hajachovya kalamu.

Kwa aliyefukuzwa kwao, barua hizo hubeba mzigo mzito zaidi. Germaine de Staël, mwandishi wa Kifaransa na binti wa Jacques Necker, aliyekuwa waziri wa fedha wa mfalme Louis wa 16, aliamriwa na Napoleon, mtawala wa Ufaransa, mwaka 1803 asiisogelee Paris kwa umbali wa ligi 40 (kipimo cha zamani), kama kilomita 160. Mtu anaweza kusema ni adhabu nyepesi. Mama huyu alikuwa na kasri la familia huko Coppet, Uswisi, kando ya ziwa. Lakini yeye aliishi kwa mazungumzo, na nyumba yake Paris ilikuwa ikijaa wanasiasa na waandishi. Sasa baraza likahamia kwenye karatasi. Aliwaandikia rafiki yake Juliette Récamier, wasomi wa Ujerumani, hata Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani.

Serikali nayo ilikuwa na watu wa kufungua barua posta. Kwa hiyo tukikuta sifa nyingi na salamu ndefu, tusiharakishe kusema ni unafiki. Adabu ilikuwa pia kinga. Na urafiki wenyewe ulikuwa na gharama: mwaka 1811 Récamier alikwenda kumtembelea Coppet, naye akapigwa marufuku Paris.

Mwaka 1812 de Staël alitoroka, akapitia Austria, Urusi na Sweden, akafika London mwaka 1813. Huko alipokewa kama mtu mashuhuri, na kitabu chake juu ya Ujerumani, ambacho polisi wa Napoleon waliharibu nakala zake mwaka 1810, hatimaye kikachapishwa.

Katika maisha ya mjini namna hiyo, vijibarua vya mistari miwili mitatu vilipishana kutwa nzima. Vingi vya enzi ile viliandikwa siku ya juma tu, bila mwaka, kwa kuwa mpokeaji alikuwa mtaa wa pili. Mtafiti wa leo hulazimika kukisia tarehe kwa majina ya wageni, anwani na aina ya karatasi.