Dendrima: molekuli ya matawi inajuaje seli ya kushika?

Dendrima ni molekuli iliyojengwa kama mti, na jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kigiriki la mti. Katikati kuna kiini, kiini kinatoa matawi, kila tawi linagawanyika mawili, na kila ukiongeza tabaka (wenyewe wanaita kizazi) ncha zinakuwa maradufu. Zile za PAMAM (aina moja ya dendrima, kifupi cha poliamidoamini), alizozitangaza mkemia Donald Tomalia na wenzake mwaka 1985, zikianza na kiini cha ncha 4 zinakwenda 8, 16, 32, ukifika kizazi cha 4 una ncha 64.

Utamu wote uko kwenye hizo ncha, maana ndipo unapobandika dawa, rangi au sukari. Ila ncha za PAMAM hii ni za amini (kikundi cha atomi chenye nitrojeni), na ukiziacha zilivyo zinabeba chaji chanya, na utando wa seli una chaji hasi, basi molekuli inang'ang'ania seli yoyote inayokutana nayo na hata kuitoboa. Huo ni ulimbo tu, hauchagui ndege. Kwa hiyo amini zinafunikwa kwanza.

Sasa watu wengi hudhani ili kuchagua unahitaji gundi kali, kumbe dawa yake ni mshiko legelege, ila uwe mwingi. Chukua ini. Seli zake zimejaa usoni vipokezi vinavyoitambua sukari ya GalNAc, lakini sukari moja ikishika inaachia chap, kidole kimoja hakivunji chawa. Weka tatu kwenye matawi matatu, mshiko haupandi mara tatu, unapanda maelfu ya mara! Kwenye seli isiyo na vipokezi hivyo molekuli inapita zake. Dawa ya givosiran, iliyoidhinishwa Marekani 2019, inafika kwenye ini kwa ujanja huu huu.

Kazi ngumu ni urefu wa matawi: yakiwa mafupi mno sukari moja inakaa na zingine zinaning'inia hewani, yakiwa marefu na malegevu mno zinayumbayumba tu bila kutulia. Na usidhani ncha nyingi ndio ushindi, ukibandika wastani wa sukari 5 kwenye ncha 64 utapata mchanganyiko, hii ina 2, ile ina 9, na hujui ipi ndiyo iliyofanya kazi. Mimi ningejenga kitawi cha mikono mitatu tu, kila molekuli pacha wa mwenzake.