Shunga: anza na nywele

Wanafunzi wangu wa uchapaji wakionyeshwa shunga, picha za mapenzi za Kijapani zilizochapwa kwa vibao vya mbao, mara ya kwanza, macho huenda kulekule unakodhani. Viungo vimekuzwa kupita kiasi, na kicheko hakikosi. Wacha wacheke, hata wanunuzi wa Edo, Tokyo ya leo, walizicheka, na pembeni mwa picha nyingi wapenzi wameandikiwa maneno ya mzaha. Wakishamaliza, nawaambia watazame nywele.

Kila unywele ni ukingo mwembamba wa mti wa cheri ulioachwa umesimama baada ya mbao kuchongwa huku na huku. Kisu kikiteleza, unywele umekwenda. Ndiyo maana kichwa alipewa fundi mkongwe, wanagenzi wakabaki na nguo. Kisha kila rangi ina kibao chake, na karatasi hulazwa kwenye alama zilezile kila mara, la sivyo rangi inatoka nje ya mstari.

Kazi yote hiyo kwa kitu kilichopigwa marufuku! Tangu 1722 serikali ya shoguni, mtawala wa kijeshi wa Japani, ilikataza vitabu vya namna hii. Biashara haikufa, ilihamia chini ya meza, majina ya wachoraji yakafichwa. Na nadhani marufuku ndiyo iliyozinogesha: kuanzia 1790 picha za kawaida zilihitaji mhuri wa mkaguzi, na katika miaka ya 1840 hata idadi ya rangi ikawekewa mipaka. Shunga haikupita kwa mkaguzi, kwa hiyo mchapishaji alimwaga rangi kadiri mfuko wa mteja ulivyoruhusu.

Ninayoipenda kuliko zote imo katika Utamakura, kitabu cha picha cha mchoraji Utamaro, cha 1788. Wapenzi wako ghorofani, mwanamke ametupa mgongo. Hakuna aliye uchi. Nguo ni nyepesi hadi miguu inaonekana ndani yake. Uso wa mwanamume umefichwa na nywele za mwenzake, limebaki jicho moja tu. Mkononi mwanamume ana kipepeo cha kujipepea chenye shairi la Yadoya no Meshimori: ndege kabanwa mdomo na kombe la baharini, hawezi kuruka, jioni ya vuli. Fumbo hilo silifumbui.

British Museum ilifanya maonyesho makubwa ya shunga mwaka 2013. Huko Japani kwenyewe makumbusho kadhaa yalikataa kuyapokea, mpaka Eisei Bunko, makumbusho madogo ya Tokyo, yalipothubutu kuandaa ya kwao mwaka 2015, wenye umri chini ya miaka 18 wakizuiwa mlangoni.